Ini Lililofunga Jumatatu na Alhamisi

Kosa la Kalunde Msimbete, kama kweli lilikuwa kosa, ni kupiga simu. Wenzake wote kituoni walikubaliana juu ya hilo baadaye. Angenyamaza, ini lingeendelea na kazi yake, mjane angeendelea na dua zake, na watu wangeendelea kunywa chai yao ya saa nne kwa amani. Lakini Kalunde alikuwa mlezi, na mlezi anayeona ini linaumwa akakaa kimya hafai kulea hata bata.

Ini lenyewe lilikuwa kwenye tumbo namba tisa. Walezi waliziita mashine zile matumbo, na jina liliwakaa vizuri: sanduku la kioo lenye joto la mwili, damu ikizunguka humo mchana na usiku, mrija mmoja unaleta sukari, mwingine unatoa nyongo. Enzi za bibi zake ini la marehemu lilitiwa kwenye barafu na watu wakakimbia nalo. Likipitisha nusu siku halijapata mtu, basi, linatupwa. Siku hizi ini lilikaa mwaka mzima likiwa hai, ila kwa sharti moja ambalo wahandisi walichelewa mno kulitambua. Ini lina mazoea. Ukililisha saa sita wakati mwenyewe alizoea kula saa tisa, linanuna. Wiki mbili linanuna, ya tatu linakufa, na hakuna dawa ya kulibembeleza. Ndiyo maana kila familia iliyotoa ini ilijaza Fomu ya Mazoea, maswali arobaini: alikula saa ngapi, alilala saa ngapi, chai yake ilikuwa na vijiko vingapi, alitumia ugoro au hakutumia.

La tumbo namba tisa lilikuwa la Idrisa Kasele, fundi pampu wa Ipuli, aliyeteleza juu ya mnara wa tangi la maji akaanguka. Fomu ilisema amefunga sunna kila Jumatatu na Alhamisi kwa miaka thelathini. Basi Kalunde, Mkatoliki wa kubatizwa Itaga, kila Jumatatu na Alhamisi alfajiri aliifunga koki ya sukari ya tumbo lile, akaifungua jua likizama. Wenzake walimtania kwamba ataingia peponi kwa saumu ya ini la mtu. Alicheka nao. Ukweli ni kwamba ini lile lilimpendeza kuliko yote kumi na manne aliyoyalea, na sababu ilikuwa kwenye chupa ya pembeni: nyongo nzito, ya kijani kama mchicha uliochemshwa, dalili ya ini lenye afya ya kutosha na kubaki.

Wala halikukaa bure. Likiwa linangoja mtu wa kupewa, lilitengeneza kigandishi, ile dawa ambayo ini la kila mtu huitengeneza lakini ambayo watu wenye ugonjwa wa damu isiyoganda hawana. Kalunde mwenyewe aliivuna kila asubuhi. Ilitosha watoto arobaini na mmoja. Watoto ambao zamani wakijikwaa tu goti linavimba kama boga, sasa walicheza mpira.

Mbona halipati mtu, miezi minane? Kalunde aliwahi kuuliza, akajibiwa kwamba damu ya Idrisa ilikuwa ya kundi adimu na mtu wake hajatokea. Akaamini. Kwa nini asiamini?

Sasa ilikuwa wiki ya pili ini halina raha. Kila siku ya saumu, ikifika saa saba mchana, damu ilianza kuwa na asidi, na nyongo ikapungua. Kalunde alipunguza joto, akaongeza oksijeni, wapi. Akaitoa Fomu ya Mazoea, akaisoma upya swali kwa swali, akaona jambo. Swali la ishirini na tisa lilikuwa tupu. Akifunga, alikula daku? Yaani miezi minane alikuwa akilifungisha ini la mtu bila daku, nalo likavumilia mpaka sasa. Aliona aibu kama mtu aliyemlaza mgeni njaa. Namba ya mjane ilikuwa hapohapo juu ya fomu. Hakuna kanuni iliyokataza mlezi kumpigia mfiwa simu; haikuandikwa kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mlezi atajali kiasi hicho.

Akapiga. Akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akajitambulisha kwamba yeye ndiye anayelitunza ini la marehemu Idrisa hapo Kituo cha Viungo Hai, na kwamba ana swali dogo tu. Siku za kufunga, mzee alikuwa akila daku, au akilala moja kwa moja mpaka alfajiri?

Kalunde akadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu," sauti ilisema, polepole, "ini la mume wangu unalitunza wapi?"

"Hapa kituoni, mama."

"Leo?"

"Leo. Niko mbele yake."

Bi Chausiku Kasele hakupiga kelele. Alisema, kwa utaratibu wa mtu anayesoma kitu kilichoandikwa, kwamba anayo barua yenye muhuri wa kituo, imo kwenye Msahafu wake mpaka sasa. Barua inasema ini la mpendwa wake limepandikizwa kwa mama mmoja wa mkoa wa Singida, na mama huyo anaendelea vizuri. Jina halikutajwa kwa sababu ya faragha. Barua hiyo aliipata siku ya kumi na tatu tangu azike. Kila Ijumaa amemwombea dua mama huyo. Na kila mwisho wa mwezi, kwa kuwa hakuruhusiwa kumjua, amempelekea chupa ya asali ya Sikonge kupitia kituo, afya yake isirudi nyuma.

Asali ile Kalunde aliijua. Ilikuwa kwenye kabati la jikoni la watumishi, chupa ndefu yenye kifuniko cha nta, na kila mtu aliipaka kwenye mkate wake. Katibu alisema ni zawadi ya familia kwa wafanyakazi. Kalunde aliila miezi saba.

*

Alipanda ngazi hadi kwa Daktari Lweikiza, mkuu wa kituo, akaingia bila kubisha hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika miaka kumi na tisa ya kazi.

Tuseme haki. Ponsiano Lweikiza hakuwa mtu wa kula rushwa. Alifika kazini kabla ya wafagizi, suti yake ilikuwa moja, na wakati wa mafuriko alilala sakafuni hapo kituoni siku kumi na moja akiyasukuma matumbo kwa pampu ya mkono. Labda ndiyo maana uongo wake ulikuwa mzito. Mwizi unamjua. Mtu mwema akikudanganya, huna pa kumshika.

Hakukana. Alimwambia Kalunde akae, Kalunde akabaki amesimama. Akaeleza kwamba mama wa Singida hayupo na hajawahi kuwepo. Mama huyo ni barua. Kuna maini manne kati ya yale kumi na manne ambayo yanafanya kazi nzuri mno kiasi kwamba kuyatoa ni hasara kwa wengi, na familia za maini hayo huandikiwa barua ya faraja. Ndivyo alivyoiita, barua ya faraja. Watu wanaofiwa wanataka kusikia kwamba kuna mtu anapumua kwa sababu ya marehemu wao. Ukiwaambia kuna watoto wanachomwa sindano ya kigandishi, hawaoni mtu. Hawafarijiki.

Kalunde akauliza kuhusu kundi adimu la damu. Hapo daktari alivua miwani.

"Mtu alipatikana," alisema. "Yuko wodi ya pili, upande wa pili wa ukuta. Mwalimu Nyawela Mboje. Amebakiwa na wiki mbili, labda tatu."

"Alipatikana lini?"

"Mwezi wa pili."

"Yeye ndiye wa kwanza?"

Daktari akasema kabla yake walikuwepo wawili. Kalunde alitaka kuuliza wako wapi, kisha akaona upumbavu wa swali lenyewe. Wako ardhini, wataendaje kwingine. Miezi minane amelipima ini lile joto, amelihesabia pumzi, amelifungisha na kulifuturisha, na hatua sitini kutoka pale watu wawili wamegeuka manjano mpaka weupe wa macho, wamekufa wakiambiwa ini lao halijapatikana.

Sasa sikiliza hoja ya daktari, maana haikuwa hoja ya mjinga. Akilitoa ini leo, anapona mtu mmoja. Kesho yake watoto arobaini na mmoja wanarudi kwenye maisha ya kuvimba viungo na kuvuja damu kichwani, na kwa hesabu za miaka ya nyuma watatu au wanne kati yao hawatamaliza mwaka. Kigandishi cha kiwandani hakijafika kanda hii tangu viwanda vilipohama. Wengine wameweka maini ya nguruwe kwenye matumbo kama haya, wamepata maji matupu. Ini la Idrisa linatoa dawa mara tatu ya mengine na hakuna anayejua kwa nini. Mmoja kwa arobaini na mmoja. Angefanyaje yeye Kalunde?

Kalunde aliwajua watoto wale kwa majina. Alibandika majina yao kwenye vichupa kila asubuhi. Alichoweza kusema ni kwamba angewaambia wenyewe. Mwalimu angemwambia, mjane angemwambia.

"Ungewaambia, wangekataa," daktari alisema. "Ndiyo tofauti yetu. Wewe unataka mikono yako iwe safi. Mimi nataka watoto waishi."

"Marehemu alisema apewe mtu. Aliandika."

"Marehemu hayupo, Kalunde."

Naam, asiyekuwepo na lake halipo. Kalunde alilijua sana neno hilo, ila hakutegemea kulisikia likitekelezwa kwa muhuri wa ofisi.

Alikuwa amegeuka kuondoka daktari alipomwita arudi, akafungua kadi za kila wiki. Kanuni ilikuwa wazi na Kalunde aliijua: hatima ya ini iko kwenye neno la mlezi. Zamani wakubwa waliingilia, wakipeleka maini kwa shemeji zao, mpaka ikawekwa sheria kwamba kila Alhamisi mlezi pekee ndiye anayeandika *linafaa* au *limechoka*. Linafaa likiingia, ini linajitangaza lenyewe kwa mtu wa kwanza kwenye foleni, na hakuna bosi wala waziri anayeweza kulirudisha. Limechoka likiingia, linabaki kituoni likifanya kazi.

Kadi za tumbo namba tisa zilikuwa thelathini na mbili. Zote zilisema limechoka. Chini ya kila moja palikuwa na alama ya kidole gumba cha Kalunde Msimbete.

Alikumbuka. Kila Alhamisi kadi zilimfikia zimekwisha kujazwa joto na sukari, kumrahisishia kazi, na yeye alibonyeza kidole huku jicho likiwa kwenye vipimo. Hakuwahi kushuka mpaka mstari wa mwisho.

"Hukudanganywa," daktari alisema, bila ukali. "Hukusoma."

*

Bi Chausiku alifika Alhamisi asubuhi. Kalunde alimtarajia aje na shemeji, na mwenyekiti wa mtaa, na vurugu. Alikuja peke yake, baibui jeusi na kanga mabegani, mama wa miaka sitini na kitu mwenye mwendo wa mtu asiyependa kusaidiwa ngazi. Aliitikia shikamoo ya Kalunde. Akasema kabla ya maneno ya mtu yeyote anataka kuliona.

Kalunde alimpeleka. Mjane alisimama mbele ya kioo kwa muda. Ini lilikuwa limelala katika mwanga wake mdogo, jekundu la hudhurungi, likitikisika kidogo kila damu ilipopita. Akaona koki ya sukari imefungwa, na kadi ndogo iliyoning'inizwa, yenye mwandiko wa Kalunde: *Amefunga.*

"Mpaka magharibi?" aliuliza.

"Mpaka magharibi, mama. Tende kwanza, yaani sukari kidogo, kisha mlo."

Uso wa Bi Chausiku ulicheza. Kalunde alidhani sasa atalia, lakini alijikaza, akasema kwamba lile swali la kwenye simu hakulijibu. Idrisa alikuwa akila daku. Saa kumi na nusu, uji wa ulezi na tende tatu, hata akiumwa. Bila daku kichwa kilimuuma kuanzia adhuhuri na akawa mkali kwa kila mtu. Kalunde akaandika kwenye fomu, swali la ishirini na tisa. Mjane akauliza kama mwenye kuandika barua yupo.

Daktari Lweikiza aliwapokea ofisini kwa heshima zote, akamkalisha mjane kwenye kiti chake mwenyewe, akaomba radhi. Aliomba radhi vizuri. Akaeleza habari za watoto, mmoja baada ya mwingine, wa Urambo, wa Nzega, mapacha wa Cheyo wanaougua wote wawili. Kalunde, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijiona akianza kukubaliana naye, akajichukia.

Bi Chausiku alimwacha amalize. Kisha akauliza asali yake ilikwenda wapi.

Daktari hakujua. Kweli hakujua, habari za jikoni hazikumfikia. Akamtazama Kalunde.

"Tuliila sisi, mama," Kalunde alisema. "Mimi pia. Tuliambiwa ni yetu."

Mjane aliitikia kwa kichwa. Alimgeukia daktari.

"Mimi na Idrisa hatukujaliwa mtoto," alisema. "Miaka thelathini na minne ya ndoa. Ungekuja nyumbani kwangu, ukakaa mkekani na wafiwa wenzako, ukaniambia, Bi Chausiku, ini la mumeo linaweza kulea watoto arobaini na mmoja, unajua ningekujibu nini? Ningekupikia. Ningetaka niwajue majina. Ungenifanya mama, mimi, uzeeni. Wewe ukaniandikia mtu asiyekuwepo, nikamwombea Mungu."

Daktari alisema kwa sauti ya chini kwamba amekosa, na kwamba hajachelewa; anamuuliza sasa.

"Sasa huniulizi. Sasa umekamatwa." Bi Chausiku alivuta kanga yake. "Watoto hao usiwaweke mbele yako kama ngao. Idrisa aliandika apewe mgonjwa anayelingoja. Mlezi wako ameniambia yuko upande wa pili wa ukuta. Mpeni."

Ikabidi daktari aseme lililobaki, na alilisema kwa taabu. Kwa kanuni ya kituo kiungo kikipitisha siku mia moja na themanini ni cha kituo. Neno la familia halina nguvu tena. Pole sana, lakini ndivyo.

Siku mia na themanini. Na barua ya uongo ilikwenda siku ya kumi na tatu. Yaani walimlaza usingizi mpaka haki yake ikaisha muda, wakamwamsha wamweleze kanuni. Kalunde alikatwa maini. Hasira iliyompata hapo haikuwa ile ya kumpandisha ngazi mbiombio. Ilikuwa imetulia, ilimwacha akiona vizuri sana. Leo ilikuwa Alhamisi. Kadi ya wiki ilikuwa imekwisha letwa kwenye meza yake ya chini, imejazwa, inasubiri kidole.

Akashuka kuifuata, akarudi nayo mpaka mbele yao, akaisoma kwa sauti kwa mara ya kwanza maishani mwake, mstari kwa mstari. Joto sawa. Sukari sawa. Nyongo chini kidogo. Asidi juu kidogo; sababu, aliongeza mwenyewe, ni daku. Hali ya ini: limechoka.

"Kalunde," daktari alisema. "Fikiri mapacha wa Cheyo."

Aliwafikiri, na asikudanganye mtu kwamba hakuwafikiri. Aliwaona wote arobaini na mmoja, na alijua kwamba labda mlezi mwema kuliko yeye angeiacha kadi ilivyo, akaibeba dhambi yake kimya kimya mpaka kaburini ili watoto wacheze mpira. Lakini swali la kadi halikuwa hilo. Kadi haikumuuliza nani aishi. Ilimuuliza kama ini linafaa, na ini lilifaa, lilifaa tangu siku ya kwanza, na wawili wamekufa kwa kidole chake akisema halifai.

Akafuta. Akaandika linafaa. Akabonyeza.

Kwa sekunde chache haikutokea kitu. Kisha ukutani kengele ndogo ikalia, na upande wa pili, wodi ya pili, ikaitikia nyingine. Daktari Lweikiza alikaa kwenye kiti cha wageni akaufunika uso. Bi Chausiku alisimama, akamwambia Kalunde amfungulie Idrisa koki, maana mtu anayeanza safari ana ruhusa ya kula.

*

Mwalimu Nyawela alipasuliwa kwa saa tisa mfululizo. Siku ya tatu weupe wa macho yake ulianza kurudi. Siku ya nne aliomba chaki, akaambiwa atulie.

Kalunde hakufukuzwa. Sheria ilimlinda, na daktari hakuwa mtu wa kulipiza kisasi kwa barua. Alimwita tu, akamwambia kigandishi kilichobaki kwenye jokofu kitatosha siku ishirini na sita, na kwamba hakuna ini lingine linaloweza kazi ile. Kuanzia sasa hatalea tena. Atakaa kwenye dirisha la dawa, ambako wazazi huja kuchukua vichupa. Wewe uliyeupenda ukweli, alisema, kawagawie wewe.

Pamoja na funguo za dirisha alimpa bunda la barua. Ziliandikwa zamani kidogo, wino wake ulikuwa umepauka. *Ndugu mzazi, kutokana na hitilafu ya mitambo, huduma ya kigandishi itasimama kwa muda. Tunaomba uvumilivu wako.* Kalunde alizisoma mpaka mstari wa mwisho, siku hizi alisoma kila kitu mpaka mstari wa mwisho, akazitumbukiza kwenye pipa la takataka.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Kulwa wa Cheyo, mama wa wale mapacha, mchambua tumbaku, vidole vyake vya kahawia mpaka kwenye kucha. Alikuja na kikapu chake cha barafu kama kila wiki, amechangamka, akauliza za nyumbani. Dirisha lilikuwa na kioo kinene na kipaza sauti. Kalunde aliona hawezi kusema jambo lile kwa kipaza sauti. Akatoka kwa mlango wa pembeni, akaketi naye kwenye benchi, akamwambia yote: ini lilikuwa la nani, lilikaa hapa kwa uongo gani, mwalimu ni nani, wale wawili waliotangulia. Akamwambia siku zilizobaki. Akamwambia aliyeandika neno ni yeye, si mtambo.

Alitegemea kofi, kwa kweli. Angelipokea.

Mama Kulwa aliuliza swali moja. Alitaka kujua, siku anaandika, kama aliwakumbuka Kulwa na Doto.

"Niliwakumbuka."

"Kwa majina?"

"Kwa majina, mama."

Mama Kulwa akatazama mbele, kwenye ua, ambako hapakuwa na kitu. Kalunde, kwa kutojua afanye nini na mikono yake, akaanza kueleza kwamba yeye na mjane wa Idrisa wataanza kuzunguka kwenye misiba, waziwazi, waombe ini la kazi kwa jina lake, bila barua, na kwamba huenda familia moja ikakubali. Mama Kulwa akainua mkono kumzuia.

"Mjane hakuulizwa, ukakasirika," alisema. "Umefanya vema. Mimi je, uliniuliza?"

Kalunde akavitazama vile vidole vya kahawia.

"Hukuniuliza. Uliona mimi ni wa kuambiwa." Hakuinua sauti hata kidogo. Akachukua kikapu chake, akakiweka magotini. "Sasa sikiliza. Sitaki dirisha. Siku hizo ishirini na sita, kila siku nitakuja hapa, nikae hapa, na wewe utatoka uje kuniambia kwa mdomo wako zimebaki ngapi, na jana umekwenda msiba gani, na wamekujibu nini. Hata wakikufukuza, uniambie. Hata ikifika sifuri utatoka uje uniambie sifuri."

"Nitakuja," Kalunde alisema.

Mama Kulwa alipokea vichupa vyake vinne, akavizika kwenye barafu, akaondoka bila kuaga, na katika nchi ile kuondoka bila kuaga ni maneno mengi.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili kasoro, kabla Kalunde hajafungua dirisha, benchi lilikuwa limejaa. Mama Kulwa aliwahi kiti cha mwanzo. Kando yake walikaa wazazi wa Urambo, na wa Nzega, na wengine ambao Kalunde aliwajua kwa lebo za vichupa tu, thelathini na kitu, wamekaa kimya na vikapu vyao magotini, wakiutazama mlango wa pembeni.